Friji, gesi au presha kuka? Mwongozo kamili wa kuchagua vifaa pale jikoni panapobana

Malalamiko ninayoletewa yanafanana kama yametoka kinywa kimoja. "Nimenunua friji, mlango haufunguki wote." "Nimechukua jiko la plate nne lenye oveni, mtungi sasa unakaa koridoni." "Nikiwasha birika na raiskuka pamoja, soketi inanuka." Wote walilipa pesa nzuri, na vifaa vyenyewe havina ubovu. Tatizo ni kwamba kifaa kilinunuliwa kwanza, mahali pake pakatafutwa baadaye.

Mwongozo huu ni wa nyumba za kupanga za mjini, zaidi Dar es Salaam: chumba masta, chumba na sebule, au nyumba ya vyumba viwili ambayo jiko lake lina dirisha moja, sinki, kaunta fupi na soketi mbili ukibahatika. Aliyeko bedsita ya Nairobi au chumba cha Mombasa atumie vipimo vyake, hesabu ni zilezile.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Futi ya fundi ya chuma, ya mita 3 au 5. Futi ya cherehani inavutika, iache.
- Chaki, au solotepu ya karatasi isiyoharibu rangi ya ukuta.
- Maboksi matupu matatu au manne kutoka dukani kwa Mangi. Hayana bei, na ndiyo yatakayokuokoa.
- Daftari na kalamu. Vipimo vya kichwani vinabadilika ukishafika dukani.
- Simu ya kupigia picha mabamba ya vifaa, vile vibandiko vyenye wati na voti.
- Bajeti yenye mafungu matatu: bei ya kifaa, usafiri, na vikorokoro vyake (regyuleta, mpira wa gesi, soketi, kishelfu). Fungu hili la tatu watu hulisahau, halafu jiko jipya linakaa wiki mbili kwenye boksi.

## Hatua ya 1: Andika mlichopika, siyo unachotamani kupika

Kwa siku saba, kila mlo ukiisha andika kilichopikwa, kimepikiwa kwenye nini na kimechukua muda gani. Jumla tu: chai asubuhi, wali na maharage usiku, ugali na dagaa, chapati za Jumapili.

Sababu ni hii: dukani utaoneshwa picha ya kuku mzima wa kuokwa na keki iliyoumuka, na kichwani utajiona unaoka. Orodha ya wiki ndiyo itakayokukumbusha kwamba nyumbani kwako ni wali mara nne, ugali mara tano, maharage mara mbili, na keki ilionekana mara ya mwisho kwenye birthday ya mtoto.

Kifaa ambacho kazi yake haikutajwa hata mara moja kwenye wiki hiyo kisikae jikoni. Hapa kichen pati zina lawama zake: bibi harusi anaondoka na blenda tatu, mikrowevu na hotpoti za kufungulia mgahawa, anafikia kwenye jiko ambalo watu wawili hawapishani. Baki na blenda moja. Nyingine mpe mdogo wako au uza zikiwa bado na boksi.

Utajua umefaulu ukiweza kutaja kazi tatu zinazojirudia kuliko zote. Kwa familia nyingi ninazozijua ni kuchemsha maji, kupika wali, na kuchemsha kitu kigumu: maharage, makande, nyama au kisamvu.

## Hatua ya 2: Pima jikoni, kisha pima njia ya kufikia jikoni

Andika urefu na upana wa sakafu, urefu na kina cha kaunta, kimo kutoka sakafuni hadi chini ya kaunta, kimo kutoka kaunta hadi chini ya kabati la juu, na mahali zilipo soketi. Fungua mlango wa jikoni na dirisha, uchore kwa chaki sehemu vinapopita vikifunguka.

Halafu toka nje. Pima mlango mkubwa, kona ya korido na ngazi kama unaishi ghorofani. Friji inaweza kutosha jikoni vizuri na ikashindwa kukata kona ya ngazi ya pili, na wabebaji wa guta hawana subira ya kupiga hesabu mbele yako.

Sasa tuchukue jiko moja la kawaida tulifanyie kazi: sentimita 150 kwa 210, na kaunta yenye kina cha sentimita 60 ikifuata ukuta mrefu.

Kaunta ya sentimita 210 inaonekana ndefu. Ondoa sinki na sehemu yake ya kuchuruzishia, 80. Zinabaki 130. Ondoa jiko la gesi la plate mbili, 70. Zinabaki 60. Ondoa 40 za kukatia vitunguu na kukandia unga, maana usipoziacha utakatia mapajani. Zinabaki 20.

Hapo panatosha birika la umeme peke yake. Presha kuka ya lita 6 ina upana wa sentimita 30 na zaidi, mikrowevu ndogo inakaribia 45. Ukiweka chochote kati ya hivyo, ujue umekiweka juu ya ubao wako wa kukatia.

Sakafu nayo haina huruma. Upana ni 150, kaunta imechukua 60, zimebaki 90 za kusimama. Ukisimamisha friji yenye kina cha 60 upande wa pili, njia inakuwa 30, na mtu mzima mwenye sufuria ya moto hapiti hapo. Ukiisogeza hadi ukuta wa mwisho inaonekana imekaa vizuri, ila kipande cha kaunta kilicho ubavuni mwake hakifikiki tena, kwa sababu pa kusimama pamechukuliwa na friji.

Utajua umefaulu ukiwa na namba tatu zilizozungushiwa duara: sentimita za kaunta zilizobaki, upana wa njia, na upana wa mlango mwembamba kuliko yote ambao kifaa kitapita.

## Hatua ya 3: Hesabu umeme kabla ya kuhesabu pesa

Jiko dogo huwa na soketi chache, na ekstensheni ndiyo inayogeuka ukuta wa pili wa soketi. Hapa ndipo moto unapoanzia.

Plagi zetu za pini tatu bapa zina fyuzi ndani, na ile kubwa kabisa ni ya ampea 13. Kwa umeme wa voti 230, ampea 13 ni wati 2,990, tuseme 3,000. Hicho ndicho kikomo cha ekstensheni yote, hata ikiwa na matundu sita.

Vifaa vya kawaida vinakula takriban hivi:

- Birika la umeme: wati 1,500 hadi 2,200
- Presha kuka ya lita 6: wati 1,000
- Raiskuka ya lita 1.8: wati 700
- Mikrowevu ndogo: wati 1,100 hadi 1,200 inazovuta ukutani. Ile 700 iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi ni ya kupasha chakula, siyo ya kuvuta.
- Eafraya (kikaango cha hewa ya moto): wati 1,400 hadi 1,700
- Jiko la koili: wati 1,000 kwa plate moja
- Blenda: wati 300 hadi 500

Birika la 2,000 na raiskuka ya 700 ni 2,700, zinapita. Ongeza mikrowevu, ni karibu 3,900. Hapo umepita kikomo, na fyuzi nzima inapaswa kukata, ingawa inaweza kuchelewa. Tatizo ni kwamba ekstensheni nyingi za bei ya chini zina waya mwembamba kuliko fyuzi yake, au hazina fyuzi kabisa, kwa hiyo kinachoanza kuyeyuka ni waya.

Tahadhari. Kitu chochote cha kutoa joto kichomekwe ukutani moja kwa moja. Friji nayo iwe na soketi yake. Ukigusa plagi baada ya dakika kumi ukakuta ina moto wa kukufanya utoe mkono, zima, usisubiri harufu. Nyumba ikiwa ya zamani, au soketi ya jikoni ikionekana iliongezwa baadaye, mwite fundi umeme aangalie waya. Soketi zinataka waya wa milimita za mraba 2.5, mafundi wengine huzivuta kutoka kwenye waya wa taa wa 1.5, na hapo waya unabebeshwa mzigo ambao haukupangiwa.

Kuhusu LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kanuni ni fupi: wati mara saa, gawanya kwa 1,000, unapata uniti. Jiko la koili la wati 1,000 likiwaka saa mbili mfululizo kuivisha maharage limekula uniti 2. Presha kuka ya wati hizohizo ikifanya kazi hiyo kwa saa nzima haifiki hata uniti 1, kwa sababu presha ikishajaa inajikata na kuwaka kidogo kidogo tu.

Hesabu hii inawahusu sana walio kwenye tarifu ndogo, ile ya matumizi ya wastani yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Uniti 75 ni 2.5 kwa siku. Friji inayokula uniti 1 kwa siku imeshachukua 30 kabla hujachemsha chai.

Utajua umefaulu ukiweza kusema ni vifaa gani viwili vinaweza kuwaka pamoja nyumbani kwako, na kipi hakiruhusiwi kuwa na mwenzake.

## Hatua ya 4: Tenga mahali pa moto kwanza

Gesi inatangulia kwa sababu ndiyo yenye masharti mengi. Vifaa vya umeme unaweza kuvihamisha, mtungi hauwekwi kila kona.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka sakafuni na kutuama pale, haitafuti dirisha la juu. Kwa hiyo mtungi usifungiwe ndani ya kabati lisilo na matundu chini, usikae shimoni, usilazwe, na usikae ubavuni mwa friji au soketi ambako cheche ya kuwaka na kuzima inaweza kuikuta.

Machaguo ni matatu.

*Mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake.* Haukuli kaunta kabisa, na ndio wa wapangaji wengi wa chumba kimoja. Ubaya wake ni sufuria kukaa juu juu, na ugali unataka kusongwa kwa nguvu. Mwenye watoto wadogo auweke kwenye kona ambayo mtoto hafiki mbio.

*Jiko la plate mbili la mezani na mtungi wa kilo 15 chini ya kaunta.* Mtungi huo una kimo cha karibu sentimita 60, kaunta nyingi zina 85 hadi 90, kwa hiyo unaingia na hewa inabaki. Kwa jiko la kipimo chetu, hili ndilo ninalolipendekeza bila kusita.

*Jiko la kusimama la plate nne na oveni, la sentimita 50 kwa 50.* Jina linasema plate nne. Weka sufuria mbili za familia uone kama ya tatu itapata pa kukaa. Utakuwa umelipia plate nne za kutumia mbili, na oveni itakuwa kabati la masufuria. Linunue kama unaoka keki za kuuza au maandazi ya oda. Hapo lina kazi, na kingine kimpishe.

Tahadhari. Ukishafunga regyuleta, paka povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakikua, panavuja. Usijaribu kwa kiberiti, hata kama fundi aliyekuletea mtungi anafanya hivyo mbele yako kwa mbwembwe. Ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi, fungua mlango na madirisha, na usiguse swichi yoyote, wala kuwasha wala kuzima. Anayelala chumba kilekile anachopikia afunge valvu ya mtungi kila usiku. Kuzima jiko tu hakutoshi.

## Hatua ya 5: Friji, nunua kimo usinunue upana

Friji fupi ya mlango mmoja, ya lita 90 hivi, na friji ya milango miwili ya lita 130 hadi 200 mara nyingi zinakaribiana kwa eneo la sakafu: upana wa sentimita 47 hadi 55. Tofauti yao kubwa ni kimo. Kwa hiyo anayechukua ile fupi kuokoa nafasi mara nyingi haokoi kitu, isipokuwa anataka kuiingiza chini ya kaunta.

Ukiiingiza huko, acha nafasi nyuma, juu na pembeni kama kijitabu chake kinavyotaka; kama hakuna kijitabu, sentimita 10 nyuma na 5 kila upande ni kiasi cha busara. Friji hupoza ndani kwa kutupa joto nje. Ukiibana, joto halina pa kwenda, mota haipumziki, na LUKU inakwenda.

Angalia pia mlango unavyofunguka. Friji ya kina cha 58 na upana wa 55, mlango ukiwa wazi, inataka zaidi ya mita moja kutoka ukutani. Ikiwa imebanwa kwenye kona, mlango unaishia nyuzi 90 na droo ya mboga haitoki. Friji nyingi zinaruhusu bawaba kuhamishiwa upande wa pili. Muulize muuzaji, na kazi hiyo ifanyike kabla haijatoka dukani.

Kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya friji tafuta daraja la hali ya hewa. Herufi N ni ya joto la chumba lisilozidi nyuzi 32, ST ni hadi 38, na T ni hadi 43. Kwa Dar, Tanga, Zanzibar au Mombasa, jikoni bila feni mwezi wa pili, chukua T. Friji ya N haitakufa siku hiyohiyo, ila itafanya kazi mchana kutwa na maziwa bado yataharibika.

Na kwa jiko letu la 150 kwa 210, jibu langu ni hili: friji ikae sebuleni. Wapo wanaoona aibu, wengine wanaifunika kitambaa cha kufuma na kuweka maua juu. Hakuna aibu hapo. Sebuleni kuna hewa, kuna soketi ya peke yake, na watoto hawaingii jikoni kila dakika kufuata maji. Kitambaa tu kisizibe nyuma.

Vipi kuhusu friza? Mwenye kununua samaki kwa jumla Feri, au anayeuza barafu na maji, anaihitaji. Familia inayonunua nyama nusu kilo buchani kwa jirani haina cha kujaza humo.

## Hatua ya 6: Pambanisha vinavyogombea kaunta

Hapa usiulize kipi kizuri. Uliza kipi kinafanya kazi ya mwenzake, ili mmoja abaki dukani.

Raiskuka au presha kuka ya umeme? Presha kuka. Inapika wali, pilau, maharage, makande, nyama ngumu, ndizi na kisamvu, na nyingi zina kitufe cha kupasha. Raiskuka inapika wali vizuri kweli, na ni nyepesi na ya bei nafuu, lakini ukirudi kwenye orodha ya Hatua ya 1 utaona kazi inayokula gesi yako siyo wali, ni maharage. Anayeishi peke yake na kununua maharage yaliyochemshwa kwa mama ntilie ndiye wa raiskuka.

Isichoweza presha kuka ni ugali, kwa sababu sufuria ya ndani inazunguka ukisonga, na chapati. Kwa hiyo haiondoi gesi, inaipunguzia kazi.

Isijazwe zaidi ya theluthi mbili, na kwa maharage ishia nusu kwa sababu yanavimba. Mvuke wake unatoka kwa kishindo kwenda juu, usiiweke chini ya kabati la mbao wala usawa wa uso wa mtoto. Na chunguza mpira wa mfuniko: ukilegea au kupasuka, presha haipandi. Kabla ya kulipa, hakikisha muuzaji anauza huo mpira peke yake.

Mikrowevu au hakuna? Kwa wengi, hakuna. Kazi yake nyumbani kwetu ni kupasha, na kupasha kunafanyika kwenye sufuria kwa dakika tano. Inapata haki ya nafasi pale watu wanaporudi saa tofauti usiku na kila mmoja anapasha sahani yake, au kuna mtoto mchanga. Hapo iwekwe juu ya kishelfu cha ukutani, siyo kaunta.

Eafraya au oveni ndogo ya mezani? Angalia idadi ya walaji. Kikapu cha eafraya ya lita 4 kinatoa chipsi za watu wawili kwa mkupuo. Familia ya watu sita itakaanga mikupuo mitatu, na wa kwanza watakuwa wameshamaliza. Ukiwa na jiko la gesi na karai, unaweza kuishi bila zote mbili. Anayepunguza mafuta kwa ushauri wa daktari ndiye ninayemwambia achukue eafraya, na apunguze kingine.

Blenda au mashine ya kazi nyingi? Blenda yenye kikombe kidogo cha kusagia viungo inatosha kwa tui la nazi, nyanya, juisi na pilipili. Ile mashine yenye visu kumi na viambatanisho inataka droo nzima, na kuiosha ni adhabu. Blenda haihitaji kuonekana: inatumika dakika chache, inarudi kabatini. Soma bamba lake chini, utaona muda inaoruhusiwa kuzunguka bila kupumzika. Mara nyingi ni dakika moja hadi tatu, na waliounguza mota wengi hawakulisoma.

Dispensa ya maji. Inakula sakafu na soketi. Chupa mbili ndani ya friji na birika vinafanya kazi ileile.

Utajua umefaulu ukibaki na kifaa kimoja cha kudumu kwenye kaunta, kimoja kwenye kishelfu, na kimoja kabatini. Kwa jiko letu ni birika, presha kuka na blenda.

Kishelfu hicho usikinunue tayari. Mpelekee fundi wa kuchomelea vipimo vyako, akutengenezee stendi ya skwea paipu ya upana wa 60 na kina cha 35, ngazi ya chini ya presha kuka na ya juu ya masufuria, na katikati yake aache angalau sentimita 60 za mvuke. Vya dukani vimetengenezwa kwa ukuta wa mtu mwingine.

## Hatua ya 7: Jaribu kwa maboksi

Kata na ukunje maboksi hadi yafikie ukubwa wa kifaa ulichochagua, pamoja na nafasi yake ya hewa. Yaweke mahali pake na upike chakula cha jioni kimoja kizima. Friji ichorwe kwa chaki sakafuni, pamoja na mlango wake ukiwa wazi.

Pika na yule mnayepika naye kwa kawaida. Mtu mmoja anaweza kujipinda. Wawili ndio wataonesha ukweli. Ukijikuta unahamisha boksi kupata pa kuweka ungo, kifaa hicho kitahamishwa hivyohivyo kila siku, hadi siku kitakapoanguka.

## Hatua ya 8: Dukani

Nenda na futi yako. Vipimo vya kwenye boksi wakati mwingine ni vya boksi lenyewe, kwa hiyo pima kifaa kilichotolewa nje, pamoja na mshikio na waya wa nyuma. Muuzaji wa Kariakoo atakwambia, "Dada, chukua hii kubwa, utanishukuru, ofa inaisha leo." Mjibu kwa namba: nina sentimita 60, hii ina ngapi?

Pendelea siku ya kazi asubuhi. Jumamosi hakuna atakayekuchomekea kifaa ukione kikiwaka, na kifaa kisichowashwa mbele yako usikilipie. Risiti iandikwe aina na namba ya kifaa, kadi ya waranti igongwe muhuri palepale.

Kwa vya mtumba ongeza mambo mawili. Kwanza, soma voti kwenye bamba: vya Japani ni 100, vya Marekani 120. Ukivichomeka kwenye 230 bila transfoma vinaungua, na transfoma ya kubeba kifaa cha joto ni kubwa kuliko nafasi unayoitafuta. Ndugu walioko Marekani wanaotaka kutuma mikrowevu kwenye kontena waambiwe mapema. Pili, kwa friji, bana karatasi kwenye mlango na uivute. Ikitoka bila kukaza, mpira umechoka.

## Hatua ya 9: Kuleta, kupanga, kuwasha

Friji isafiri imesimama, iwe kwa guta au kirikuu. Ikibidi kulazwa, isimame saa kadhaa kabla ya kuwashwa ili mafuta ya mota yarudi mahali pake. Weka kifaa cha kuilinda umeme unaporudi kwa kishindo. Kinachelewesha dakika chache kabla ya kuiruhusu iwake, usidhani kimeharibika.

Friji nyingi za sasa zinatumia gesi ya R600a, ambayo inashika moto. Barafu ikiganda usiichokonoe kwa kisu. Zima, acha mlango wazi, weka taulo chini.

Kwa wiki ya kwanza washa kimoja kimoja. Soma LUKU kabla ya kulala na asubuhi, friji ikiwa peke yake, ujue inakula ngapi. Kisha presha kuka, kisha birika. Namba zikipishana mno na zile za bamba, rudi dukani waranti ikiwa bado mpya.

Mwezi ukiisha, angalia kipi kina vumbi. Kifaa chenye vumbi jikoni kiuzwe kingali na boksi na kadi yake, maana bei inashuka haraka vikishapotea. Na siku dalali anapokuita kuona nyumba nyingine, nenda na lile daftari na futi: pima jikoni na mlango wake mbele yake, kabla hujatoa kodi ya miezi sita.